Kompyuta ya kimya na kompyuta isiyo na feni ni vitu viwili

Korosho zikishalipwa, sebule za hapa Mtwara hubadilika. Yanatangulia mabati, yanafuata makochi, halafu inaingia TV pana. Siku hizi, kwa wenye watoto waliosomasoma, kinaingia pia kikompyuta cha kuchomeka kwenye TV, cha kuangalizia filamu na mechi. Na hapo ndipo neno "kimya" linapoanza kuteswa. Muuzaji anakigonga kiboksi kwa kucha: "Hii ya kimya, bosi. Haina feni." Mnunuzi anaitikia kwa kichwa, biashara imekwisha. Nimeyasikia hayo dukani, nimeyasikia kijiweni kwa madereva wa bajaji, nikanyamaza. Mwezi huu nimeyasikia kwa mjomba wangu, aliyenifundisha kusoma. Nikasema sasa basi.

Maana yenyewe haina urefu. Kompyuta ya kimya ni ile ambayo, ukikaa pale unapokaa siku zote, sauti ya TV ikiwa chini, huisikii. Hakuna zaidi. Inaweza kuwa na feni moja, au tatu. Isiyo na feni ni isiyo na feni tu, kama baiskeli isiyo na kengele: hujaambiwa chochote kuhusu mnyororo wake, na mnyororo mkavu unaweza kusikika mpaka Mikindani.

Kosa lenyewe limeanzia kwenye lugha kabla halijafika kwenye kompyuta. Tuna maneno matatu tunayoyachanganya. Bubu hana sauti ya kusema. Mnyamavu anayo, ila haitumii ovyo. Kimya ni kitu kingine kabisa, kwa sababu si sifa ya msemaji. Ni hali ya mahali. Tunasema kimya kimetanda, kimya kimeingia nyumbani. Hata tukimwambia mtoto "kaa kimya", ni kama tunamtaka akae ndani ya hicho kimya na wenzake. Na angalia tunavyolitumia kwenye simu. Rafiki hajakutafuta wiki mbili, unamwandikia: "Mbona kimya?" Inawezekana wiki hizo mbili alikuwa akibishana mnadani mpaka sauti ikamkauka. Wewe hilo hulijui wala halikuhusu. Kwako hakikufika kitu, kwa hiyo ni kimya. Kinapimwa kwenye sikio la anayesubiri, hakipimwi kwenye mdomo wa mwenye kusema.

Ukishaliona hilo, "kompyuta ya kimya haina feni" inakuwa sentensi ya ajabu. Isiyo na feni ni bubu, au angalau inadaiwa kuwa bubu. Yenye feni kubwa inayozunguka polepole ni mnyamavu. Ama kimya, hicho ni cha sebule, na sebule yako na yangu hazifanani. Masika mvua ikipiga bati hakuna kompyuta duniani utakayoisikia. Saa nane usiku, mvua imekata na jirani amezima redio, hata saa ya ukutani inakuwa mgeni mwenye maneno mengi. (Jenereta zinazouzwa kwa jina la "sailenti" siziingilii leo. Mwenye duka jirani na yenye jina hilo anajua.)

Turudi kwa mjomba.

Nilifika jioni, kabla ya mechi. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, umekuja wakati mzuri. Hii kitu inakwama." Kweli ilikuwa inakwama: mchezaji anainua mguu, picha inasimama, ikirudi mpira uko kwa kipa. Nikauliza kompyuta iko wapi. Ilikuwa chini ya TV, ndani ya kabati lenye milango ya vioo, milango imefungwa. Juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mkaza mjomba. Juu ya kitambaa, chombo cha maua ya plastiki. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa nikautoa mbio, kama mtu aliyegusa sufuria.

"Mjomba, hii inaumwa joto."

"Haiwezi kuumwa joto. Ni ya kimya."

Ndiyo ubaya wa neno kupewa kazi isiyo yake. Kompyuta isiyo na feni haijaondolewa joto, imeondolewa mpepeaji. Joto linatoka kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, linapita kwenye chuma, linafika kwenye mapezi ya alumini ya boksi, kisha linasubiri hewa ipite yenyewe. Hewa ya moto hupanda, ya baridi kidogo huingia kwa chini. Ukifunga kabati, umefunga mlango wa kutokea. Ukifunika kwa kitambaa, umelivisha sweta. Na sebule ya Mtwara mwezi wa pili ina nyuzi zake 30 na kitu kabla hujawasha chochote. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani, kwa makadirio, inaongezeka na kwenye prosesa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe isiungue. Kwenye TV ndiyo ile miguu iliyogandia hewani.

Bado kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo lililonifurahisha. Mkaza mjomba alilalamika kwamba siku hizi sebuleni kuna mbu mmoja sugu. Wamepuliza dawa usiku mara mbili, bado analia. Nikatega sikio. Kweli kulikuwa na mlio mwembamba, unapanda na kushuka kila picha ilipobadilika. Nikachomoa adapta ya kompyuta ukutani. Mbu akafa.

Mlio huo unatoka kwenye koili, nyaya zilizoviringwa ndani ya adapta na kwenye bodi kwa ajili ya kusawazisha umeme. Umeme ukipita kwa kukatikakatika kwa kasi kubwa, koili hutikisika kidogo sana, na mtikisiko ukiangukia kwenye masafa ambayo sikio linayapata, unasikia filimbi. Feni haihusiki. Na filimbi nyembamba inaudhi kuliko mvumo mpana wenye nguvu ileile. Aliyewahi kulala na mbu mmoja ndani ya chandarua hahitaji maabara. Feni ya darini inavuma usiku kucha unalala, yule mbu anakuamsha. Kwa hiyo ile bubu ya mjomba, ambayo haikuwa na feni hata moja, ndiyo iliyokuwa inapiga mluzi.

Wauzaji wanaojua zaidi kidogo huhamia kwenye namba: "Hii ina desibeli 20 tu." Namba hiyo nayo ina hadithi inayounga mkono ile "Mbona kimya?". Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, imetokana na jina la Alexander Graham Bell, wa simu, ingawa hakuitunga yeye. Alikufa mwaka 1922. Wahandisi wa simu wa Marekani walikuwa wakihesabu upotevu wa sauti kwa maili ya waya: ikiingia upande huu, baada ya maili moja ya waya wa kawaida imepungua kiasi gani? Baadaye wakakibadilisha kipimo hicho, na mwaka 1928 wakakiita desibeli. Tangu kuzaliwa kwake, basi, kinauliza kilichofika upande wa pili. Kwa hiyo desibeli bila umbali ni kama kutajiwa bei ya korosho bila kuambiwa ni ya kilo au ya gunia. Feni ya desibeli 20 ukiwa umeisogelea mita moja si feni ya desibeli 20 ukiweka sikio juu yake.

Halafu desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Feni mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na 20, hazifanyi 40. Zinafanya 23. Kutoka 20 kwenda 30, nguvu ya sauti imeongezeka mara 10, ingawa sikio lako litakuambia imekuwa kama mara mbili tu. Ndiyo maana anayeogopa kuongeza feni ya pili mara nyingi anaogopa bure: mbili zinazokwenda polepole husikika kidogo kuliko moja inayokimbia. Ukiipunguzia feni mizunguko kwa nusu, kelele yake hushuka karibu desibeli 15. Hilo ni punguzo kubwa kuliko lolote utakalopewa dukani.

Na hapa niruhusiwe nikumbushe neno letu wenyewe, maana tumelitupa tukachukua "feni". Wazee wanasema pangaboi. Kwa Kihindi, pankha ni kipepeo, kile cha kupepea upepo, na asili yake ni neno la bawa. Zamani kule India kilikuwa pazia pana lililotundikwa darini, na mtu amekaa pembeni anavuta kamba, taratibu, siku nzima. Mimi naona ndani ya pangaboi yumo bado yule "boi" wa kuvuta kamba, kwa jina lile la dharau waliloitwa watumishi wa enzi hizo. Utumwa wake sitamani urudi. Lakini ufundi wa kile kipepeo ndio huohuo watu wa kompyuta wanaouhubiri leo: bawa pana, mwendo wa pole, hewa nyingi, kelele kidogo. Feni ya milimita 40 iliyobanwa ndani ya kiboksi lazima ikimbie maelfu ya mizunguko kwa dakika ndipo isogeze hewa ya maana, na italia kama mashine ya kunyolea. Ya milimita 120 inatosha kwa mizunguko 600 au 700, na ukiwa kochini hujui kama ipo.

Kwa hiyo ukichagua vifaa vya kompyuta ya sebuleni, usianzie kwenye feni. Anzia kwenye wati, yaani umeme inaokula na kuugeuza joto, kwa sababu joto ambalo halikuzalishwa halihitaji kupepewa. Prosesa kama Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, imepangiwa wati 6, ingawa watengenezaji wengine wa viboksi huiachia itumie zaidi. Ndani yake ina sehemu maalumu ya kufungua video zilizobanwa kwa mitindo ya H.265 na AV1, kwa hiyo filamu haiitoi jasho. Kadi ya grafiki ya kuchezea magemu waachie vijana wa magemu. Kwa hifadhi weka SSD, ile ya chipu tupu, haina kinachozunguka. Kama una diski ya zamani, ile ya kuzunguka, yenye filamu zako zote, isiguse mbao moja kwa moja, maana kabati la mbao chini ya diski inayotikisika ni ngoma. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, iweke juu yake. Hayo ni matumizi ya shilingi mia chache, na nimeona yakilishinda kasha la kompyuta la bei mbaya.

Feni tafuta ya pini 4, ambayo bodi inaweza kuiamuru ipunguze au iongeze kasi, na nenda kwenye BIOS, mipangilio ya bodi yenyewe, uipangie ianze polepole. Zingatia bushi pia. Feni nyamavu ya mwaka huu ikishaliwa bushi na vumbi na hewa ya chumvi ya pwani, mwaka unaofuata itakuwa inakoroma. Katika hilo nawapa haki yao watu wa isiyo na feni: haina bushi ya kuisha, haivuti vumbi la barabarani, na ukiiweka mahali pa wazi inaweza kuishi miaka. Ila ishike mkononi kabla ya kulipa. Boksi lake lenyewe ndilo linalobeba joto, kwa hiyo liwe zito, lenye mapezi ya chuma. Jepesi kama kiberiti liache palepale. Na kabla hujaondoka waombe wacheze video dakika 10, sogeza sikio, usikilize mbu. Duka lenye redio juu halitakusaidia, omba wapunguze.

Ya mjomba tuliitoa kabatini tukaiweka juu, pembeni ya TV, wazi. Adapta tulibadilisha. Kitambaa kimehamia kwenye friji, pamoja na maua yake. Mechi iliyofuata tuliiona yote, miguu ikienda pamoja na mpira, pangaboi la darini likivuma juu yetu. Nilimwambia kwamba ile aliyoinunua tuiite isiyo na feni, na lile jina la kimya tuliwekee sebule, wakati wa mapumziko, TV ikiwa imezimwa sauti. Akasema amenielewa. Alipoingia jirani kusalimia, akamwonesha kwa kidevu: "Ile pale. Ya kimya, haina feni." Sikuona ustaarabu kumsahihisha mjomba mara mbili kwa jioni moja.