Kiesperanto: Dhana Potofu Kuhusu Tahajia, Matamshi na Msamiati

Wanaokisifu Kiesperanto husema hakina kasoro, na wanaokipinga husema kasoro zake zimekiua. Lugha hii ya kubuniwa, iliyotangazwa na daktari L. L. Zamenhof mjini Warsaw mwaka 1887, kweli ina mambo yasiyolingana, lakini mengi hayako pale yanapotafutwa.

Dhana: Kanuni 16 za sarufi yake zilimaliza kila kitu tangu siku ya kwanza.

Kanuni hizo ni muhtasari tu. Katika kitabu cha 1887 neno la kuulizia wakati lilikuwa *kian*, likagongana na *kian* la kuulizia aina linapokuwa shamirisho, hivyo mwaka 1888 Zamenhof mwenyewe akalibadilisha kuwa *kiam*. Hata baada ya mkutano wa Boulogne-sur-Mer wa 1905 kuidhinisha *Fundamento*, kitabu cha kanuni za lugha hii, kuwa msingi usiobadilishwa, matumizi ya viambishi vya kutendwa *-ata* na *-ita* yaliendelea kubishaniwa, mpaka Akademia ya Kiesperanto ilipotoa uamuzi mwaka 1967.

Dhana: Herufi zenye alama zimemwacha kila mtu aandike apendavyo.

Alfabeti ina herufi 28, na sita kati yake (ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ, ŭ) zina alama juu. *Fundamento* inamruhusu asiye na herufi hizo kuandika *ch*, *gh* na kadhalika, na *u* tupu badala ya ŭ. Tatizo la njia hiyo linaonekana wazi katika *flughaveno*, yaani uwanja wa ndege, ambamo *g* na *h* ni sauti mbili za maneno mawili yaliyounganishwa, ilhali msomaji anaweza kuzidhania kuwa ĝ moja. Ndiyo maana watumiaji wa kompyuta walipendelea *cx* na *gx*, kwa kuwa *x* haimo katika alfabeti na haiwezi kuleta utata huo. Hizi ni njia za kuchapa tu; tahajia ya neno inabaki ile ile.

Dhana: Kila neno husomwa kama lilivyoandikwa, kwa hiyo wote hutamka sawasawa.

Kanuni ya 9 inasema hivyo, na mkazo hukaa daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili halimpi taabu. Hata hivyo *scienco* linapaswa kuanza kwa sauti ya *sts*, na wengi huiangusha *t*. *Ekzemplo* nalo husikika mara nyingi kama *egzemplo*. Sauti ĥ ndiyo iliyopoteza nafasi zaidi: *ĥemio* limekuwa *kemio*, na *arĥitekturo* limekuwa *arkitekturo*. Imesalia pale inapotofautisha maana, kwani *eĥo* ni mwangwi na *eko* ni mwanzo.

Dhana: Kasoro hizi zimekigawa Kiesperanto kuwa lahaja.

Sivyo. Walioondoa herufi zenye alama walitoka na Ido mwaka 1907, na hiyo ni lugha nyingine.

Dhana: Mzizi mmoja una maana moja, na kila kitu kina jina moja.

Hapa, kwa maoni yangu, wakosoaji wana hoja nzito. *Kolego* ni mwenzako kazini, lakini ukiligawa kuwa *kol-eg-o* linakuwa shingo kubwa. Kanuni ya 15 inaruhusu maneno ya kimataifa kuingia yakibadilishwa tahajia tu, ilhali viambishi vinamwezesha mtu kuunda neno lile lile kwa mizizi iliyopo. Matokeo yake hospitali ina *malsanulejo*, mahali pa wasio na afya, na pia *hospitalo*; Ufaransa ni *Francujo* kwa wengine na *Francio* kwa wengine; na anayejifunza hana budi kuyajua yote, ingawa aliahidiwa msamiati mdogo. Kompyuta nayo ilipata *komputoro*, *komputero* na *komputilo*. La mwisho, lililoundwa kwa *-il-*, kiambishi cha chombo, ndilo lililoshinda, na lilishinda kwa sababu wasemaji wengi walilizoea.