Kufupisha logi ni nini?

Logi ni daftari ambalo kompyuta hujiandikia yenyewe. Kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, yenye mfumo wa Linux, hukaa ndani ya folda ya /var/log, na kila tukio lina mstari wake: tarehe na saa, jina la mashine, programu iliyosema, kisha maneno yenyewe. Utaratibu huo, syslog, aliuanzisha Eric Allman miaka ya 1980 alipokuwa akitengeneza Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe.

Watu huchanganya kufupisha na kubana. Programu ya Gzip hulibana faili lichukue nafasi ndogo kwenye diski, lakini ukilifungua mistari ni ileile. Kufupisha ni kwa ajili ya macho ya msomaji: mistari inayosema neno moja hukusanywa ikawa mmoja, na idadi yake mbele. Ipo programu iitwayo syslog-summary iliyoandikwa kwa kazi hiyo hiyo, ila amri za kawaida zinatosha:

cut -c17- /var/log/syslog | sort | uniq -c | sort -n

Usiidharau hiyo cut, ndiyo inayokata tarehe mwanzoni mwa kila mstari. Tarehe ya mtindo wa zamani hula herufi 15 na nafasi moja. Ukiiacha, karibu kila mstari utakuwa peke yake, maana sekunde hazisimami. Mashine mpya nyingi huandika tarehe ndefu zaidi, basi hesabu herufi kwanza. sort nayo huwaweka pacha jirani, kwa kuwa uniq hamtambui pacha aliyekaa mbali. Namba ya mchakato iliyo ndani ya mabano ya mraba pia hutia fujo. Iondoe kwa sed, amri ya kubadili maandishi.

Hapa Pemba mimi huwaeleza vijana kwa mfano wa karafuu. Usiku tunachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Lakini makonyo hayatupwi, yanakamuliwa mafuta. Logi nzima nayo usiifute kwa kuwa umeshapata muhtasari.

Niliwahi kuitwa skuli moja, seva inasuasua. Logi ya wiki ilikuwa ndefu ya kuchosha. Baada ya amri ile ikabaki kurasa mbili. Chini, penye idadi kubwa, seva ilikuwa ikiitafuta printa ambayo walishaitoa zamani. Kelele tupu. Mimi huanza kusoma juu, kwenye mistari yenye 1, na huko ndiko ulikokuwa mstari mmoja unaohusu diski iliyoshindwa kusomeka. Kasoro ya muhtasari ni kwamba umeshaitupa saa, hivyo haukwambii lini. Nikairudia logi yenyewe kwa grep, amri ya kutafuta maneno: 02:14, yaani saa nane na dakika 14 usiku. Nikamuuliza mlinzi. “Mwalimu, usiku ule umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena.”