Kumbukumbu za darasa: dhana zinazowapotosha walimu wapya Nairobi

Mwalimu mpya anaporipoti katika shule ya msingi jijini Nairobi hukabidhiwa rejista, kisha hupewa ushauri mwingi kuhusu rekodi za darasa kwenye majilisi. Baadhi ya ushauri huo ni wa thamani. Mwingine huishia kumuumiza mtoto.

"Hizo rekodi ni za maafisa."
Ni kweli kwamba afisa wa ubora wa elimu akija ataomba maazimio ya kazi, maandalio ya somo na rekodi ya kazi, na TPAD, tathmini ya utendakazi wa walimu ya tume ya kuajiri walimu (TSC), nayo huzitaka. Lakini anayezihitaji zaidi ni mwalimu atakayelipokea darasa lako ukipata uhamisho au ukienda likizo ya uzazi. Azimio humwonyesha ulichokusudia. Rekodi ya kazi humwonyesha ulichofundisha kweli. Ukinakili azimio neno kwa neno kwenye rekodi, atarukia mada ambayo watoto hawajaigusa, na hatajua kwa nini hawamwelewi.

"Rejista unaweza kuijaza Ijumaa."
Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Katika darasa la watoto sitini, hakuna mwalimu anayekumbuka nani hakuwepo Jumanne. Atakisia, na kwa kawaida atakisia kwamba wote walikuwepo. Rejista hutiwa alama asubuhi na alasiri kwa sababu mtoto anaweza kuja asubuhi na kutoweka mchana.

Nairobi ni jiji la kuhamahama. Kodi ya nyumba hupanda, vibanda hubomolewa, na mafuriko kama yale ya Aprili na Mei 2024 huwaondoa watu Mathare na Mukuru. Mara nyingi mtoto huacha kuja bila mtu kuaga. Rejista iliyojazwa kila siku hukuonyesha mapema: huyu hukosa kila Jumatatu, yule hajaonekana tangu juma lililopita. Hapo unaweza kumpigia mzazi simu wakati bado anapatikana.

Siku hizi wapo wanaosema orodha ya chakula cha Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha mchana shuleni ulioanza 2023, inatosha kwa kuwa watoto hugusisha bangili zao za kielektroniki kwenye mashine wakichukua mlo. Haitoshi. Mtoto aliyekuwa darasani lakini hakuchukua chakula siku hiyo haonekani humo.

"Kiwango kinatosha."
Mtaala wa umilisi una viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Ukiandika "anakaribia" na kuishia hapo, mwalimu wa muhula ujao aanzie wapi? Ongeza sentensi moja yenye tarehe: "Anasoma silabi za ba na ka bila shida, anakwama kwenye mbw na ng'." Hiyo ni kazi ya dakika moja, nayo humpa mwenzako pa kuanzia kesho yake asubuhi. Na hata baada ya alama za tathmini za shuleni kupakiwa kwenye mfumo wa baraza la mitihani (KNEC), litunze daftari ulimozitoa. Tarakimu ikiingizwa vibaya, ndilo ushahidi wa mtoto.

"Picha na alama za watoto ni zetu, tuzitume popote."
Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Alama nazo ni taarifa za mtoto, kwa hiyo usitume orodha ya darasa zima kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kila mzazi apate za mwanawe.

"Daftari zuri halina makosa."
Linaloaminika huonyesha masahihisho yake. Ukikosea, usipake dawa nyeupe ya kufutia wala usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, andika lililo sawa kando yake, kisha weka tarehe na saini yako.