Iron Dome haikuzwi ikawa kinga ya nchi nzima

Wiki hii nimeulizwa tena, na kijana mwenye akili zake timamu: ikiwa Israel inadungua roketi kwa Iron Dome, taifa kubwa linashindwaje kujenga ile ile, ila pana zaidi, likajikinga na makombora ya nyuklia? Kazi yangu ni kukokotoa njia za vyombo vinavyoruka nje ya hewa, na swali hili limenifuata miaka mingi. Safari hii najibu kwa maandishi.

Lawama kidogo naitupia lugha yetu. Tunasema "ulinzi wa anga" kwa droni, kwa ndege, kwa roketi, hata kwa kombora la kuvuka mabara, kana kwamba vyote vinapita mahali pamoja. Iron Dome iliundwa kwa roketi zinazorushwa kutoka umbali wa kilomita 4 hadi 70. Kombora la kuvuka mabara hupaa zaidi ya kilomita 1,000, hukimbia kama kilomita 7 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya nusu saa ya safari yake huipitisha kwenye utupu. Watu wakisikia hivyo hurukia kasi. Kasi ni ngumu, lakini shabaha za namna hiyo zimewahi kugongwa majaribioni. Fundo lenyewe ni ule utupu.

Mwaka 1971 mwanaanga David Scott alisimama Mwezini akaachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja. Vikatua pamoja. Sasa chukua kichwa cha nyuklia, yaani sehemu ya kombora yenye bomu, kiachie huko juu pamoja na maputo 30 ya kulaghai yaliyopakwa madini ya kung'aa. Hakuna hewa ya kuyachelewesha, kwa hiyo vyote vinakwenda sambamba kwa dakika 20 hivi, na rada inaona nukta 31. Hapo ndipo huambiwa, "Lakini rada za siku hizi zinaona kila kitu." Ndiyo, zinaona! Kuona si kutambua. Adui akikivika kichwa chenyewe puto, sura ya nje inakuwa ile ile. Akitia kipasha joto kidogo ndani ya maputo matupu, hata kihisi cha joto kinakosa cha kushika. Hewa itakuja kuyachambua, maana maputo yatabaki nyuma kichwa kikizama, ila hapo muda uliobaki ni dakika moja hivi, na kombora la kinga lililoundwa kugonga utupuni limeshapitwa.

Je, haiwezekani kabisa? Sithubutu kusema hivyo. Wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaoamini kwamba ukiyafuatilia maputo tangu yanapoachiwa, kuna mtikisiko mdogo utakaoyafichua. Tena maputo nayo hushindwa kufunguka. Adui ambaye hajayajaribu vya kutosha anaweza kujiangusha mwenyewe. Ninachokataa ni asilimia za kufaulu zinazotajwa kwa kujiamini. Marekani ina makombora 44 ya kudungua makombora ya kuvuka mabara, 40 Fort Greely, Alaska, na 4 Vandenberg, California. Majaribio yake ya kudungua tangu 1999 yamefaulu kwa zaidi kidogo ya nusu, tena katika mazingira yaliyopangwa mapema. Kutokana na hayo, mimi sioni namna ya kukadiria siku ya vita yenyewe.

Kwa sababu ya maputo hayo, wengine husema tuligonge kombora mapema, injini ikiwa bado inawaka, kabla halijaachia chochote. Wazo zuri. Injini huwaka dakika 3 hadi 5 tu, kwa hiyo unahitaji silaha zilizo karibu, yaani kwenye obiti. Nisikilizeni hapa: silaha ya obiti ya chini haikai juu ya nchi ya adui ikisubiri. Inaizunguka dunia kila dakika 90 na kitu, na muda mwingi iko juu ya bahari. Ili moja iwepo mahali pake kila wakati, unarusha zaidi ya elfu. Adui akirusha makombora 10 kwa mpigo kutoka eneo moja, zidisha kwa 10.

Na msiniambie mkataba wa 1967 wa anga za juu unakataza. Unakataza silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi kwenye obiti. Chuma kitupu cha kugonga haukigusi.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba chenye uwezo wa kugonga kombora kinagonga setilaiti kwa urahisi zaidi, maana njia ya setilaiti inajulikana siku nyingi kabla. Mwaka 2008 Marekani iliipiga setilaiti yake, USA-193, kwa SM-3, kombora la ulinzi wa makombora lililobadilishwa programu. Ile ilikuwa chini, vipande vikaungua upesi. China ilipoipiga setilaiti yake, Fengyun-1C, mwaka 2007, zaidi ya kilomita 800 juu, vilitawanyika vipande zaidi ya 3,000 vinavyoonekana kwa rada, na vingi bado vinazunguka. Urusi nayo ikaipiga setilaiti yake Novemba 2021, na wanaanga waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, Warusi wakiwemo, wakalazimika kujifungia ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani.