Ukigongwa na 429: dhana potofu kuhusu vikomo vya maombi kwenye API za mitandao ya kijamii

Programu ilikuwa ikivuta machapisho vizuri, mara majibu yanakatika na kumbukumbu za matukio yake zinajaa namba moja tu: 429. Wengi tunaoandika programu za kusoma na kutuma machapisho kupitia API, yaani mlango ambao mtandao huzifungulia programu za nje, tulianza kujifunza habari za vikomo, yaani kiasi cha maombi unachoruhusiwa kwa muda fulani, siku ya namna hiyo, kazi ikiwa imekwama, na tulijifunza kwa kubahatisha. Ndiyo maana yapo mambo yanayorithishwa kutoka mtu hadi mtu ilhali si kweli, na yanawapotezea watu siku nzima za kazi, wakati mwingine na akaunti zao. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi.

Dhana: 429 ni hitilafu ya seva, kwa hiyo rudia ombi mpaka likubaliwe

Seva haijaharibika. Kwenye HTTP, lugha ambayo programu na seva huzungumza, namba zinazoanza na 5 ndizo zinazosema kuwa seva ina tatizo. Zinazoanza na 4 zinamwambia mwombaji ajiangalie. Namba 429 iliingizwa rasmi Aprili 2012 kwa waraka wa viwango vya intaneti, RFC 6585, na maana yake ni kwamba umetuma maombi mengi mno kwa muda uliopewa. Kabla ya hapo kila mtandao ulikuwa na lake: Twitter ilikuwa ikitumia 420, namba iliyojitungia yenyewe, pamoja na ujumbe wa kumtaka mtu atulie. Waraka huo wa 2012 unairuhusu pia seva iambatanishe heda (maelezo yanayotangulia jibu) ya Retry-After, inayotaja sekunde za kusubiri au saa ya kurudi. Kwa maneno mengine, unapokataliwa mara nyingi unaambiwa papo hapo urudi lini, ila programu nyingi hazisomi sehemu hiyo.

Kurudia bila kupumua kuna gharama yake. Discord huhesabu majibu ya kukataliwa, yaani 401, 403 na 429. Yakifika 10,000 ndani ya dakika 10 kutoka anwani moja ya IP, anwani hiyo hufungiwa kwa muda. Kwenye YouTube, hata ombi lenye makosa hukatwa angalau uniti moja ya kiwango chako cha siku.

Seva ikitaja muda, ufuate huo huo. Isipotaja, subiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, hadi upeo utakaojiwekea, na kila mara ongeza kipande kidogo cha muda wa nasibu. Hicho kipande cha nasibu watu hukiruka wakidhani ni pambo. Chukua michakato 40 iliyokataliwa kwa pamoja: yote ikisubiri sekunde 8 kamili, yote itarudi mlangoni kwa wakati mmoja na kukataliwa tena kwa pamoja. Nasibu ndiyo inayoitawanya. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Ethernet iliitumia tangu miaka ya 1970 ili kompyuta zinazochangia waya mmoja zisigongane kila zinapojaribu upya.

Dhana: kikomo ni namba moja, maombi kadhaa kwa saa

Hapa nitakaa kidogo, maana makosa mengine mengi huzaliwa kutokana na dhana hii. Mitandao haipimi kitu kimoja. Kuna inayohesabu maombi, kuna inayohesabu uzito wa maombi, kuna inayohesabu unachorudishiwa, na mingi huweka vipimo viwili au vitatu kwa pamoja.

Twitter, katika toleo la API la 1.1, ilihesabu kwa vipindi vya dakika 15: huduma nyingine uliruhusiwa maombi 15 kwa kipindi, nyingine 180. Mastodon kwa kawaida huruhusu maombi 300 kila dakika 5 kwa akaunti, lakini kupakia picha na video kuna kikomo chake pembeni, mara 30 kila nusu saa. Mtu anayetuma picha 31 mfululizo atakataliwa huku hesabu yake kubwa ikionyesha bado ana nafasi tele, na hapo ndipo anapoanza kuwaambia wenzake kwamba API hiyo haieleweki.

YouTube inahesabu uzito. Kiwango cha kawaida ambacho mradi mpya umekuwa ukipewa kwa miaka mingi ni uniti 10,000 kwa siku. Kusoma maelezo ya video hula uniti 1, na ombi moja linaweza kubeba vitambulisho vya video hadi 50. Kutafuta kumekuwa kukila uniti 100 kwa ombi. Piga hesabu: tafuta mara 100 tu na siku imeisha. Sasa tuseme unataka orodha ya video 500 za chaneli moja. Ukitumia utafutaji, kurasa 10 za video 50 zinakula uniti 1,000. Lakini kila chaneli ina orodha yake ya video zilizopakiwa, na kusoma ukurasa mmoja wa orodha hiyo ni uniti 1. Kurasa 10 ni uniti 10, ukiongeza maombi 10 ya maelezo unafika 20. Data ni ile ile, gharama imeshuka mara hamsini, na hukuhitaji kumwomba mtu yeyote akuongezee kiwango.

Bluesky nayo hutoza pointi kwa kila unachoandika kwenye akaunti: kuunda ni 3, kubadilisha ni 2, kufuta ni 1, na akaunti ina pointi 5,000 kwa saa na 35,000 kwa siku. Angalia uhusiano wa namba hizo mbili. Anayekwenda kwa kasi yote ya saa atamaliza siku yake ndani ya saa 7, kisha atashangaa kwa nini anakataliwa wakati saa mpya imeanza. Bandubandu huisha gogo. Ukiona vikomo viwili, pangilia kasi yako kwa kile kirefu, halafu tumia kile kifupi kama kinga ya msukumo wa ghafla.

Meta, wenye Facebook na Instagram, imekwenda mbali zaidi. Heda yake ya X-App-Usage inarudisha asilimia uliyotumia ya vitu vitatu: idadi ya maombi, muda wa kichakataji na muda wa jumla. Yoyote ikifika 100 unaanza kubanwa. Kwa hiyo programu yenye maombi machache lakini mazito, kila moja likiomba machapisho na maoni yake na waliyoyapenda kwa pamoja, inaweza kugota kabla ya ile yenye maombi mengi mepesi. Anayejihesabia maombi tu upande wake hawezi kuliona hilo likija.

Dhana: nikifunga maombi 50 kwenye kifurushi kimoja, nimehesabiwa moja

Graph API, ambayo ndiyo API ya Meta, inaruhusu kifurushi cha maombi hadi 50, na kinasaidia kweli kupunguza safari za mtandaoni. Kwenye kikomo, hata hivyo, kila ombi lililomo huhesabiwa peke yake. Usichanganye na ule mfano wa YouTube hapo juu: pale ni ombi moja linalotaja vitambulisho 50, na linatozwa kama moja. Kwa macho vinafanana. Kwenye hesabu haviko hata karibu.

Dhana: saa ya kufunguliwa inasomwa kwa namna moja kila mahali

Natamani ingekuwa hivyo. X (zamani Twitter) hutaja saa hiyo kwa idadi ya sekunde zinazohesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Reddit hurudisha sekunde zilizobaki. Mastodon hurudisha tarehe na saa iliyoandikwa kamili. Ukichukua namba ya X ukaiingiza kwenye amri ya kusubiri, programu italala zaidi ya miaka 50. Ukifanya kinyume, ukaisoma 300 ya Reddit kana kwamba ni wakati wa saa, utapata dakika tano za mwanzo za mwaka 1970, programu itaona muda umeshapita zamani, na itarudia papo hapo. Kosa la kwanza ni rahisi kuligundua kwa sababu kila kitu kinasimama. La pili ni la hatari, kwa sababu programu inaonekana inafanya kazi huku ikijichumia adhabu.

Kiwango cha YouTube hurudi usiku wa manane kwa saa za Pasifiki za Marekani, ambazo husogea kwa saa nzima mara mbili kwa mwaka. Na saa ya kompyuta yako nayo si ya kuaminiwa kila mara. Niliwahi kuhangaika jioni nzima na programu iliyokataliwa kila ilipoamka. Saa ya mashine ilikuwa imetangulia kwa dakika mbili, hivyo ilibisha hodi dakika mbili kabla ya mlango kufunguliwa. Tangu hapo nasoma saa kutoka heda ya Date ya jibu la seva, naongeza sekunde chache, na sijarudi kwenye tatizo hilo.

Usitegemee 429 pekee, vilevile. YouTube, kiwango kikiisha, hujibu kwa 403 (namba ya kunyimwa ruhusa) yenye sababu ya quotaExceeded, na Graph API huweka namba zake za makosa ndani ya mwili wa jibu, kama 4 kwa programu na 17 kwa mtumiaji. Programu inayosubiri 429 tu itadhani imenyimwa ruhusa na kumtaka mtumiaji aingie upya, jambo lisilohusiana kabisa na tatizo.

Dhana: funguo nyingi, maombi mengi

Hili naliombea watu waliache. Kusajili programu tano, kila moja na ufunguo wake wa API, kwa kazi moja ili ujizidishie kiwango kumekatazwa wazi katika masharti ya X na ya YouTube, na ukibainika unaweza kupoteza zote tano. Wanaotumia programu yako wanapoteza nawe, na wao hawakushauriwa. Ni jambo tofauti pale ambapo watumiaji halisi, kila mmoja kwa ridhaa yake, wameiruhusu programu isome kwa niaba yao na mtandao wenyewe unahesabu kwa kila mtumiaji. Huo ni utaratibu uliowekwa makusudi.

Dhana: ukilipa, kikomo kinaondoka

Kinasogea. X ilipozindua madaraja yake mapya mwaka 2023, la msingi lilikuwa dola 100 kwa mwezi, na liliruhusu kusoma machapisho 10,000 kwa mwezi. Hayo ni kama 333 kwa siku, na kilichohesabiwa ni machapisho yaliyorudishwa: ombi moja lililoleta 100 lilikula 100. Vipimo vya dakika 15 viliendelea kuwapo juu ya hayo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, uliza kinachohesabiwa kwanza, bei baadaye.

Dhana: dawa ni kupunguza mwendo

Ni nusu ya dawa. Akaunti inayochapisha mara mbili kwa siku, ukiikagua kila dakika, unatuma maombi 1,440 kwa ajili ya machapisho mawili. Ukikagua kila dakika kumi bado unatupa 142. Pale mtandao unapoweza kukuletea habari wenyewe, acha kuuliza. YouTube huweza kuiarifu seva yako chaneli inapopakia video mpya, Mastodon ina mkondo wa moja kwa moja, na Bluesky inaacha mkondo wake wote wazi kwa yeyote anayetaka kuusikiliza.

Pale ambapo ni lazima uulize, omba tu yaliyokuja baada ya kitambulisho cha mwisho ulichonacho, na hifadhi unachopata kwa muda ambao masharti yanaruhusu ili usikiombe tena kesho. Alama ya ukurasa ulipoishia iandike kwenye diski kabla ya kuomba ukurasa unaofuata. Nimeona watu wakisubiri kwa adabu dakika zao 15, programu ikazimika katikati, kisha ikaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza na kula tena kiwango chote kwa machapisho waliyokuwa nayo tayari.