Kwa nini simu hupotea njia ndani ya makumbusho?

Je, wajua kwamba simu inayokuongoza bila taabu kutoka Kariakoo hadi Mbezi inaweza kushindwa kujua uko chumba gani ukishaingia makumbusho?

GPS, mfumo unaoiambia simu mahali ilipo, hutegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu yetu. Mawimbi yake hufika chini yakiwa hafifu, na zege au mwamba huyamaliza kabisa. Hata yakipenya, kukosea mita 5 barabarani si neno. Makumbusho, mita 5 ni chumba kingine.

Chukua MONA, jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 2011 mjini Hobart, Tasmania, Australia. Sehemu kubwa imechimbwa mwambani. Mgeni hushuka hadi chini kabisa, kisha hupanda taratibu. Ukutani hakuna vibao vya maelezo. Mwenye jumba, David Walsh, aliyetajirika kwa kucheza kamari kwa mahesabu, hakuvitaka. Badala yake mgeni hutumia kiongozi cha kidijitali kiitwacho The O, ambacho mwanzoni kilikuwa ndani ya iPod.

Sasa kinajuaje ulipo? Hutumia mawimbi ya redio ya mle mle ndani, yakilinganishwa lipi lina nguvu na lipi linafifia. Ni kama kuwa kitandani Mji Mkongwe alfajiri, giza totoro, adhana zikitoka misikiti mitatu: kwa kusikiliza tu ipi iko karibu, unajua umelala mtaa gani.

Kinachovuruga ni watu. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hufyonza mawimbi ya Wi-Fi na Bluetooth. Fundi akipima chumba usiku kikiwa kitupu, asubuhi wakimiminika wanafunzi basi zima, vipimo vyake havifai.

Ndiyo maana The O haijifanyi inajua kila kitu. Inakuletea picha ndogo za kazi zilizo karibu, nawe unagusa ile unayoitazama. Kwangu mimi huo ndio werevu wenyewe: mita mbili tatu zinazoishinda mashine zinamaliziwa na macho ya mgeni. (Kuna pia kitufe cha kupenda na cha kuchukia. Nadhani hicho cha pili ningekichosha.)

Makumbusho yasiyo na fedha hizo yanaweza kubandika msimbo wa QR kando ya kila kitu. Hapo hakuna kukisia, maana anayeupiga picha amesimama palepale. Ila inabidi usogelee kibao, na kibao ndicho Walsh alichokikimbia.