Mtetea hatagi, au yai limekwama? Anza na alichokula mwezi uliopita

Simu nyingi ninazopigiwa hapa Moshi kuhusu mayai si za kuku wazee. Ni za mitetea wa miezi mitano, sita, ambao mwenyewe amewalea tangu vifaranga, amewanunulia chakula mpaka hela imemuishia, na sasa anataka kuona yai. Yai halionekani, au linatoka bila ganda, au kuku amejikunyata pembeni anajikamua tangu asubuhi. Na wengi huwa wameshapita duka la dawa za mifugo wakauziwa unga wa kuchanganya kwenye maji, eti dawa ya kuongeza mayai.

Mimi huuliza umri kwanza. Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Chotara huchelewa kidogo, na wa kienyeji anayejitafutia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, anaweza kufika miezi saba na asiwe na tatizo lolote. Ukimlinganisha na kuku wa kisasa wa jirani unamuonea bure.

Umri ukiwa umetimia, mshike kuku mwenyewe. Mtetea aliyekaribia kutaga upanga na ndevu zake huwa nyekundu na zinang'aa, na ukimgusa mgongoni anachuchumaa na kutandaza mabawa. Mgeuze, papasa chini ya mkia utakuta ncha mbili za mifupa ya nyonga. Kikipita kidole kimoja tu kati yake, subiri. Vikipita viwili au vitatu, na njia ya haja ni pana yenye unyevunyevu, huyo anataga au yuko mbioni.

Mama mmoja wa Rau aliniambia, "Daktari, hawa wananimaliza kwa pumba na sijaona hata yai la kumpa mtoto." Nikashika wa kwanza: vidole vitatu. Wa pili vilevile. Nikamuuliza anawafungulia saa ngapi. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaenda sokoni. Tukazunguka nyuma ya migomba, na chini ya majani makavu tukakuta rundo la mayai, mengine yameshaharibika. Kuku hawakuwa na ugonjwa. Banda lilikuwa halina kiota. Mayai mengi hutagwa kati ya asubuhi na saa sita mchana, kwa hiyo waliofunguliwa mapema wanakwenda kutaga wanakokujua wao. Weka viota vyenye giza na nyasi kavu, kimoja kwa kuku wanne au watano, kabla hawajaanza kutaga. Tia jiwe jeupe la mviringo kama yai. Kisha wafungie mpaka saa sita kwa wiki moja au mbili, watazoea.

Sasa twende kwenye ganda, maana hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu. Gramu 100 za chakula cha kukuzia, kiasi anachokula kuku kwa siku hivi, zina kama gramu 1 tu. Nyingine itoke wapi? Inatoka kwenye mifupa ya kuku. Mwili wake unalijua hilo, ndiyo maana wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza huanza kuweka akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa mirefu. Asipopewa chochote cha kuweka, akiba inakuwa haba, na akishaanza kutaga unaona mayai laini, kisha kuku anayekaa kitako hawezi kusimama. Yai lisilo na ganda gumu pia hutoka kwa shida, kwa sababu misuli inakosa kitu kigumu cha kusukuma, na misuli yenyewe inahitaji kalsiamu ili ijikaze. Kwa hiyo yai lililokwama leo lilianza kukwama mwezi uliopita.

Usikimbilie basi kuwapa vifaranga chakula cha kuku wanaotaga toka wakiwa wadogo. Kalsiamu nyingi kabla ya wakati huharibu figo. Badilisha chakula upanga unapoanza kuwa mwekundu, au ukiona yai la kwanza. Pamoja na hapo weka kopo la maganda ya konokono yaliyosagwa, au maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaangwa na kupondwa, wajidonolee wenyewe. Weka saa kumi jioni. Ganda hujengwa kwa saa 20 hivi na sehemu kubwa ni usiku, wakati kuku hali kitu, kwa hiyo anachodonoa jioni ndicho kinachomsaidia. Chokaa ya kupaka ukuta usiitumie kabisa, inaunguza.

Mahindi matupu, na machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wa huku juu mlimani, yananenepesha tu. Kuku anajaa mafuta tumboni, njia inabanwa.

Taa nayo. Ukisoma ushauri kutoka Ulaya utaambiwa kuku huacha kutaga wakati wa baridi kwa sababu mchana umekuwa mfupi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, hiyo haituhusu sana. Kinachotuhusu ni taa ya ulinzi inayowaka juu ya banda usiku kucha. Mwanga mrefu humharakisha mtetea kutaga kabla mwili haujakomaa. Yai linakuja, nyonga bado nyembamba. Mwenye kuku kumi wa nyumbani hana haja ya taa ya kuongeza mayai, na ya ulinzi aielekeze getini.

Wiki chache za mwanzo utaona vituko: yai dogo lisilo na kiini, lenye viini viwili, lenye michirizi ya damu kwenye ganda, siku moja lipo siku mbili halipo. Acha. Mwili bado unajipanga. Hata joto la Januari na Februari hapa mjini hupunguza unene wa ganda, kwa sababu kuku anayehema sana hupoteza kabonidioksidi anayoihitaji kutengeneza ganda.

Ila anayejikamua kwa saa kadhaa, mkia umeshuka, hali chakula, huyo ni wa dharura. Mtumbukize sehemu ya nyuma kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, mkaushe, mpake mafuta ya kupikia njiani, mweke kwenye boksi lenye giza na joto. Usilibonyeze yai kwa nguvu, likipasukia ndani umemuua. Lisipotoka kufikia jioni, mwite daktari.

Ule unga wa dukani mara nyingi una oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki. Inashikana na kalsiamu tumboni, vyote viwili visinyonywe vizuri. Unalipia dawa ikuharibie ganda, na mayai ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hupaswi kuyala.

Nyama ya ndani ikitoka nje kupitia njia ya haja, mtenge papo hapo, wenzake wataidonoa. Ioshe, ipake mafuta, irudishe taratibu kwa kidole safi. Ikirudia tena, mchinje kama hajapewa dawa.

Halafu kuna yule mwenye upanga mwekundu, anayeingia kiotani, anakaa, anatoka, hakuna yai, wiki baada ya wiki. Mara nyingine ni bronkaitisi ya kuambukiza, ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa, iliyompata akiwa kifaranga wa siku chache, ikauharibu mrija wa mayai usikue. Viini anatengeneza, vinadondokea tumboni. Hakuna chakula wala dawa itakayomrudisha. Wenzake wa baadaye utawakinga kwa kununua vifaranga waliochanjwa.